Nani Alishuka Kwanza

Jumatatu, 3 Juni

Tumekuwa jiji! Tutatangazwa rasmi Jumamosi. Maji hayajatoka tangu juzi, lakini jiji ni jiji. Mume wangu, fundi bomba, anapiga mluzi tu. Mabomba makavu ndiyo riziki yake.

Asubuhi kaja afisa habari wa halmashauri, viatu vinang'aa. Vumbi la kwetu likavishughulikia. Anatafuta mtu wa kwanza kuhamia hapa, barabara kuu ipewe jina lake. Mama mkwe hakumngoja amalize. "Umefika, mwanangu. Kaa."

Akasimulia hadi cherehani yangu ikasimama yenyewe. Palikuwa pori, fisi wengi kuliko watu. Yeye na baba yake walishuka kwenye lori na majembe mawili na kuku mgonjwa. Benki ilipo sasa, alilima maharage. Penye mzunguko wa magari — hapo hapo! — alimzaa mume wangu, akiwa njiani kwenda kwa mkunga. (Kumbe! Ndiyo maana akifika pale hajui apite wapi.)

Afisa kaandika yote. Barabara ni yetu!

Jumanne, 4 Juni

Si yetu. Mzee Mizani, mwenye duka la ng'ambo, kasikia. Kamwambia afisa kwamba wa kwanza ni yeye, na duka lake ndilo mwanzo wa mji.

"Duka!" anasema mama mkwe. "Turubai, magunia mawili ya chumvi, na mizani iliyolala upande."

Hawa wawili hawasemeshani tangu sijaolewa. Chumvi naifuata mtaa wa nne, na duka la mzee naliona nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Niliwahi kuuliza sababu. Nikaambiwa nitie uzi kwenye sindano.

Alhamisi, 6 Juni

Afisa kawakutanisha sebuleni kwetu. Kosa kubwa! Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa — katika hilo tu hawakugombea nafasi.

"Mama, ulikuja na lori gani?"

"La bluu. Bodi ya mbao."

"Na wewe mzee?"

Mzee akaangalia dari. Akakohoa. "La bluu," akasema. "Bodi ya mbao."

Lori moja! Siku moja! Mama mkwe na baba yake mbele na dereva, mzee nyuma juu ya magunia yake.

"Basi mbele ilitangulia kufika," mama mkwe akasema.

"Na nani alikushusha? Mlango wenu haukuwa na kitasa. Si mimi niliyeruka chini nikaufungua, nikakushika mkono?"

Mama mkwe akaenda jikoni kutafuta kitu ambacho jikoni hakipo. Afisa akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia vifungo vya mteja nilivyokuwa nikishona.

Ijumaa, 7 Juni

Nampima mama mkwe gauni la sherehe, mara anasema, bila kuulizwa: ule mkono mzee hakuuachia upesi. Na yeye hakuuvuta.

Pini karibu niimeze.

Msimu mzima wa kwanza, chumvi yake ilizidi kila mzee alipompimia. Ile mizani ililala upande wake! Mzee akaenda kwao kuwachukua wazee wa posa. Mvua ikakata njia. Hakuna daraja, hakuna lami, hakuna habari. Huku marehemu baba mkwe, mchimba kisima, akapata maji, na baba yake mama mkwe akaona mwenye maji ni bora kuliko mwenye chumvi. Mzee aliporudi na wazee wake, alimkuta ameshaolewa.

"Mimi nilimwona kachelewa. Yeye aliniona sikumngoja. Hapo kukawa na shule, kukawa na kiwanda, kukawa na maghorofa haya. Sisi tumenuna tu."

Halafu: "Kiuno umekikaza sana. Legeza."

Nimelegeza. Machozi yamenilengalenga, nikasingizia uzi.

Jumamosi, 8 Juni

Jiji! Mwenyekiti wa halmashauri kahutubia hadi viti vikachoka. Kisha pazia likavutwa kwenye kibao, shingo zote juu —

BARABARA YA MAENDELEO.

Kisha sauti ya mzee nyuma yetu: "Huyu Maendeleo alishuka na lori gani?"

Mama mkwe alicheka! Alicheka hadi kilemba kikamwangukia mabegani. Wamerudi wakitembea pamoja, polepole, mzee kashika mkoba wa mama mkwe. Mume wangu nyuma yao, kama askari wa msafara.

Jumapili, 9 Juni

Mzee yuko sebuleni. Kavaa koti. Koti, na jua hili!

Kabisha hodi, kaniamkia mimi kwanza — mimi, mkwe! — kisha kasema ana mazungumzo. Mume wangu kakimbilia jikoni, kajilaza chini ya sinki na spana. Sinki halina tatizo lolote. Mama mkwe kaniambia nikapinde upindo wangu nje, nje kuna mwanga.

Niko nje. Chini ya dirisha kuna mwanga mzuri zaidi.

Mzee anaongea kwa sauti ya chini. Nimesikia "upweke". Nimesikia "watu watasema". Mama mkwe kajibu kwamba watu wa maghorofani hata hawajui jirani yao wa mlango wa pili ni nani, watasema nini?

Sasa kiti kimesogezwa. Cha nani? Pazia linaniziba.

Mama mkwe anaita! Si mimi. Anamwita mwanawe — atoke huko chini, anawe mikono, aje akae.

Aje akae!

Mume wangu kachungulia dirisha la jikoni, spana mkononi, ananiuliza kwa macho afanyeje. Mimi namwonyesha kwa kidole sebuleni: posa imefika, nenda kakae!