Nilivyovuka Mwamba na Baba Mkwe

Mjukuu wangu Nekesa,

Natangaza kwa huzuni kuu kwamba jogoo wetu ametuhama rasmi na sasa analala kwa jirani. Wengine sote hapa Musanda tu wazima, na babu yako bado anakoroma kama trekta la miwa.

Unaniuliza kama niliwahi kuogopa, kwa kuwa shule yenu itapanda mlima. Mama, niliogopa mpaka nikasahau adabu!

Tulikuwa tumeoana juzi tu, na wakati wa likizo babu yako akanipeleka Mlima Elgon. Aliyetuongoza ni baba yake mdogo, naye pia kwangu ni baba mkwe, na unajua kwetu mke hamgusi baba mkwe. Hata salamu tulipeana kwa mbali. Tukafika penye njia nyembamba ubavuni mwa mwamba. Babu yako alitangulia, ukungu ukammeza. Mguu wangu ukateleza. Kokoto zikaporomoka, nikangoja kusikia zikitua, nisisikie kitu.

"Shika fimbo, mwana," mzee akasema, akininyooshea ncha yake huku ametazama kando.

"Siwezi, baba."

"Sasa utalala hapo?"

Nyumbani wote wanajua nilishika fimbo nikavuka. Ukweli ni kwamba nilimrukia mzee shingoni kwa mikono miwili, akanibeba nikilia kwa sauti mpaka ng'ambo. Aliponitua, alirekebisha kofia yake.

"Umeshika fimbo, mwana. Sivyo?"

"Ndiyo, baba."

Na hivyo ndivyo alivyowasimulia watu mpaka tulipomzika.

Kukhu wako