Kichwa cha Kiboko

Babati,
12 Machi 1984

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini huko Sigino mnaendelea vizuri na mguu wa Mama umepata nafuu. Mimi mwili hauna shida, ila nimekasirika sana.

Jana nilipotoka kanisani, jirani yangu Salme aliniambia, "Baba yako alikuja, akakanyaga kitu chako, akaondoka bila kuaga." Nikakuta kinyago changu cha kiboko kimepondeka mlangoni. Kwa nini, Baba? Sijawahi kutengeneza kitu kama kile. Nilifinyanga kichwa kwa udongo wa ziwani, nikakimwagia plasta ya kufungia mifupa niliyopewa hospitali. Sikupaka mafuta, plasta ikang'ang'ania udongo, nikaanza upya. Mara ya pili ikatoka kalibu safi, ganda gumu lenye umbo la kichwa, na ndani yake nikabandika vipande vya gazeti kwa uji wa muhogo, siku baada ya siku. Kilikuwa cha wanafunzi wangu, kwa mchezo wa kuwafundisha wasioge kule ziwani kwenye matete, wanakojificha viboko. Umekivunja bila hata kuniuliza!

Mwanao,
Katarina


Sigino,
20 Machi 1984

Katarina,

Marahaba. Mama yako hajambo, anakusalimu.

Unauliza kwa nini? Watu wanashinda kwenye foleni ya unga, wewe mwalimu mzima unaupaka kwenye magazeti. Na hilo ni dogo. Kiboko alimuua kaka yako Tadeo, halafu wewe unamfinyanga na kumwanika mlangoni! Watoto wamvae, wacheze, watu wacheke! Ukitengeneza kingine nitakuja kukichoma. Usiniandikie habari hiyo tena.

Baba yako


Babati,
2 Aprili 1984

Baba,

Shikamoo. Siulizi habari za huko, maana nawe hukuuliza zangu.

Nani kakuambia watacheka? Tadeo alikuwa kaka yangu. Tangu tumzike hujawahi kulitaja jina lake, mpaka ulipotaka kunigombeza. Mlikuwa wote mtumbwini, ukarudi peke yako. Mama akikuuliza, unatoka nje. Mimi najua tu kwamba alikufa. Na wiki iliyopita wasichana wawili wa darasa langu waliponea chupuchupu kuuawa na kiboko pale pale kwenye matete!

Nimeanza kingine. Njoo na kiberiti chako.

Katarina


Sigino,
14 Aprili 1984

Mwanangu Katarina,

Sisi hatujambo. Wewe je?

Nilikuja Alhamisi, ukiwa shuleni. Nilikuja kuchoma kweli. Nikafunua gunia bichi ulilofunikia udongo, nikamtazama. Hasira haijaniisha, usidhani imeisha. Lakini umekosea. Umemfunga mdomo. Yule hakuwa hivyo. Aliibuka ubavuni mwa mtumbwi ameachama mpaka nikaona koo lake. Meno ya chini yalikuwa marefu kuliko kiganja changu, na la kushoto limevunjika. Tadeo alikuwa amekaa mbele, ndiye aliyemwona kwanza. Akasema, "Baba, shika sana." Hakusema tena neno.

Hayo hata mama yako sijamwambia. Leo nitamwambia.

Usimwage plasta kwanza. Jumamosi ijayo nakuja, tuufungue huo mdomo.

Baba yako,
Anselmi