Shangazi, Nilimpa Mtu wa Simuni Tabia Zako

Shangazi yangu wa Makambako,

Kamwene. Naanza na salamu kwa sababu najua ungeiacha barua hii mezani kama ningeingia moja kwa moja kwenye habari. Huku tu wazima. Baba yuko Uwemba, baridi ya mwezi wa saba inamkohoza kidogo, lakini ng'ombe bado anamkamua mwenyewe. Mgahawa wako pale karibu na stendi siku hizi ni duka la vipuri vya pikipiki. Nikipita naangalia upande mwingine.

Nataka kukueleza kazi yangu, maana ulifariki ukiamini kwamba mtu aliyesoma saikolojia huishia kulinda vichaa. Ulikuwa ukiwaambia wateja hivyo, nao madereva wa malori wakinipa pole. Sasa niko na wenzangu kwenye chumba kimoja juu ya duka la pembejeo, hapahapa Makambako, na tunatengeneza mtu ambaye hayupo. Mkulima wa viazi au parachichi anaongea naye kwenye simu, naye anajibu kwa akili unde. Tumemwita Mama Tumaini. Wenzangu wanashughulika na mitambo. Mimi nampa tabia, ili aongee kama mtu na si kama tangazo la redio.

Mama Tumaini wa kwanza alijua kila kitu na hakuna aliyemtaka. Tulimpeleka kijiji cha Kifanya kwa majaribio. Mama mmoja akamweleza kwamba majani ya viazi vyake yana madoa meusi, akajibiwa palepale, dawa na namna ya kuipuliza. Yule mama akanirudishia simu. Nilimuuliza kama jibu lilikuwa baya. Akasema jibu ni zuri, ila huyo mtu hakumsalimia wala hakuuliza watoto wameamkaje, sasa atajuaje kama anamtakia mema. Wenzangu walicheka njia nzima ya kurudi. Mimi sikucheka, nilikuwa nakukumbuka wewe.

Dereva akikujia na shida, ulimuuliza kwanza kama kwao wazima, kisha kama amekula au amekunywa chai tu. Usilolijua ulisema hulijui. Ulibishana na wafanyabiashara wa mbao kuhusu mbao, kitu ambacho hukuwahi kukiuza. Maandazi yako uliyasifu mwenyewe, lakini mtu akisifu supu ulinuna, kwa sababu ulijua umeiongeza maji. Uliogopa radi kupita kiasi na ukasema wanaoogopa radi ni watoto. Chuoni tulifundishwa kwamba wema peke yake haumfanyi mtu aaminike. Anaaminika akiwa na anachokitaka na anachokiogopa, na viwili hivyo visipatane sana. Nilipoyasikia hayo darasani nilikuona wewe umesimama mbele ya jiko la mkaa na sweta lako la kijani.

Basi nikampa Mama Tumaini tabia zako. Nikampa ujane, ubishi, na magoti yanayouma ambayo hapendi kuulizwa. Kitu kimoja tu hakikutoka kwako, kilitoka kwenye vitabu vyangu: nilimfundisha kwamba mtu akiwa na huzuni amtulize. Tuliporudi Kifanya, yule mama alibishana naye kuhusu mbegu asubuhi nzima, na simu ilibidi tumwombe aturudishie.

Kisha nikaenda Uwemba. Nilimwambia Baba wazi kwamba huyu ni wa kutengenezwa na kwamba tabia nimeziazima kwako. Akataka kumsikia. Mama Tumaini akamwamkia, akauliza kama nyumbani wazima, halafu akauliza, "Umekula, au umekunywa chai tu?" Baba akakaa vizuri kwenye kiti. Wakaanza kuongea parachichi. Mimi nikaenda jikoni kusonga ugali, na niliporudi hayakuwa tena mazungumzo ya parachichi.

Habari ya mlango unaijua kuliko mimi. Babu alipofariki, Baba ndiye aliyekuwa mwenye nyumba ingawa ni mdogo wako. Ulipoondoka na yule Mkinga wa Ipelele, muuza viazi, bila posa wala ndoa ya kanisani, Baba alikufungia mlango na kukuambia usikanyage tena pale. Ukarudi kwenye mazishi ya Bibi, naye akakufungulia, na baadaye hata akaniruhusu nikae kwako nisome sekondari. Lakini kila ulipokuja Uwemba ulikula jikoni pamoja nasi, kwenye kile kigoda karibu na mlango, na yeye akala sebuleni. Hakuna aliyeomba msamaha na hakuna aliyeutoa. Nilikuuliza siku moja ukiwa unakanda unga. Ukasema mambo hayo hayasemwi kwa simu wala hatumwi mtoto. "Akitaka, aje tukae." Hakuja, nawe ukafa.

Sasa Baba alikuwa ameiinamia simu. "Dada," alisema, "ule mlango. Ulinisamehe?"

Na Mama Tumaini, kwa sauti ya upole niliyoichagua mwenyewe, akajibu, "Nilikusamehe zamani, mdogo wangu. Usijitese."

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu mlango. Alijibu hivyo kwa sababu aliyeongea naye alikuwa na huzuni. Baba alifuta macho kwa kiganja, akala ugali wote, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Niliogopa, Shangazi, na nilikasirika pia. Kama ningenyamaza, baba yangu angeishi na amani aliyopewa na mtu ambaye hayupo, na wewe ungekuwa umesemewa neno ulilolikalia maisha yako yote. Kama ningesema, ningemnyang'anya mzee kitu alichokisubiri tangu sijazaliwa. Kazini waliniambia nimwache, amani ni amani.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Jumapili nikarudi Uwemba, na tulipokuwa tunatoka misa nikamwambia. Nilisema maneno yale hayakuwa yako, na kwamba mimi sijui kama ulimsamehe au hukumsamehe. Tulitembea mpaka kwenye mianzi ya Babu.

"Nilijua," akasema. "Dada yangu asingejibu haraka hivyo. Angeniambia niende tukae."

Nikamrekebisha Mama Tumaini. Siku hizi akiulizwa jambo la namna hiyo anasema yeye ni wa kutengenezwa, hawezi kumsemea mtu, na anamhimiza mwenzake aende kwa mhusika kama bado yupo. Wenzangu wanasema nimempunguzia uhai. Mimi naona sasa ndipo ameanza kufanana nawe, ingawa kwenye ubishi bado hajakufikia.

Jumamosi iliyopita Baba alipanda basi la Makambako. Nilimpokea stendi, nikaona amebeba kitu kwenye mfuko wa mbolea. Sikumuuliza. Tulipofika makaburini alitoa kile kigoda chako cha jikoni, akakiweka pembeni ya kaburi lako, akakikalia. Simu aliniachia mimi, akaniambia nisubiri barabarani. Aliongea muda mrefu, wakati mwingine kwa Kibena, na upepo haukuniletea hata neno moja, nami naona ni sawa tu. Nilimpenda baba yangu siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Hukumjibu, na safari hii hakuna aliyekujibia. Aliinuka, akajipangusa vumbi. Nilipokwenda kumsaidia kubeba kigoda akanizuia. Alisema kibaki hapo, atarudi kukaa tena.

Ukituona tunakuja, Shangazi, ujue tumekula.

Mimi,
Binti wa mdogo wako