Mke Mwenza Aliyezaliwa Upya

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, na kabla ya yote nipe habari za goti. Mara ya mwisho uliniambia uvimbe umepungua lakini ngazi bado zinakushinda. Usilidharau. Na wanao hawajambo? Mwambie yule mkubwa sare yake iko tayari, nimemwachia upindo mpana kwa sababu najua ukoo wetu tunavyorefuka. Sisi huku miili ni mizima. Ukiniuliza habari za moyo, kaa kitako kwanza, maana nimeacha kazi ya watu kwenye cherehani ili nikuandikie.

Dada, nina wivu. Naona nikwambie mapema usije ukapata taabu ya kubahatisha. Nina wivu wa kukosa usingizi, na anayenipa wivu huo ni Marehemu.

Unajua katika nyumba hii tunamwita hivyo, Marehemu, kama vile ndilo jina alilopewa na mama yake. Nilipoolewa na shemeji yako nilijua naingia kwa mtu aliyefiwa na mke. Picha yake iko sebuleni juu ya redio, na vumbi naifuta mimi mwenyewe. Sikuwahi kulalamika. Nilijiambia aliyekufa amekufa, yuko kwa Mungu, amepumzika, hana haja na soksi za mtu. Soksi ni zangu mimi ninayezifua. Mpango huo ulinitosha.

Balaa lilianza na feni. Shemeji yako aliitwa kutengeneza feni za ukumbi wa Wabuddha, ghorofani juu ya duka la rangi. Akiwa juu ya ngazi na waya zake, mtawa wao, mzee mmoja aliyenyoa kichwa kikang'aa, alikuwa akifundisha. Fundi akamaliza kazi, akabaki. Wiki iliyofuata akaenda tena, na safari hiyo hakubeba hata bisibisi.

Mwanzoni sikuona ubaya. Alikuwa akirudi ananisimulia nikipiga pasi. Aliniambia kwamba kwa Wabuddha hakuna aliyeuumba ulimwengu. Hukunjuka na kukunjika, na ukiutafuta mwanzo wake huupati. Kwamba miungu ipo, tena mingi, lakini nayo huzaliwa na hufa, na siku zake zikikaribia maua ambayo imejipamba nayo hunyauka, na makwapa ambayo hayajawahi kujua jasho huanza kulowa. Hapo nilimkubalia, maana sisi mafundi wa nguo tunajua mtu husalitiwa na makwapa. Akasema ulimwengu unapokunjuka tena, viumbe wa kwanza huwa nuru tupu, wanaelea tu, si wanaume si wanawake, mpaka mmoja akaonja utamu wa ardhi kwa ncha ya kidole. Wenzake wakaiga. Wakawa wazito, nuru ikawatoka, wengine wakawa na sura nzuri na wengine mbaya, na wenye sura nzuri wakaanza kuwabeza wenzao. Nikamwambia kumbe majirani zetu wametoka mbali. Tulicheka sana siku ile.

Kisha jioni moja akaniambia habari za kufa. Kwamba mtu akifa hakai mahali akingoja. Huzaliwa tena kwa kadiri ya matendo yake: kwa miungu, au motoni, au kwa wanyama, au kwa mizimu yenye njaa, au hapahapa kwetu sisi watu. Alisema hivyo huku anatazama juu ya redio. Pasi ikaniunguzia kola ya mteja.

Unanielewa, dada? Niliolewa na mwanamume ambaye mke wake yuko kaburini. Kwa jioni moja tu yule mke akatoka, akawa anatembea mjini.

Marehemu alifariki miaka sita iliyopita, kwa hiyo shemeji yako akaanza kuwatazama watoto wa miaka mitano. Haikupita muda akampata wake, binti wa mama muuza mayai. Mtoto yule hupuliza kikombe kabla ya kunywa, hata kama ni maji baridi. Eti Marehemu naye alikuwa na tabia hiyo. Alinieleza kwa sauti ambayo sijaisikia hata siku moja ikinitaja mimi. Sasa mayai yananunuliwa kila siku. Tumekula mayai mpaka nikikutana na kuku njiani nageuza uso. Yeye akimkuta yule mtoto huchuchumaa wakaongea, uso umelainika kama wa mtu aliyetoka kuoga. Na mimi mtu mzima nikamwonea wivu mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu. Nilimchunguza nikitafuta kasoro, nikaona ana kamasi, nikafurahi. Juzi alikuja kuniomba vipande vya kitambaa amshonee mdoli wake. Nilimwambia vimekwisha, na kikapu kimejaa pale miguuni pangu.

Baada ya hapo nilijiogopa. Nikafunga duka, nikapanda kwa mtawa, na nilikwenda kwa shari. Nilimkuta anashona joho lake mwenyewe, mishono imekwenda upogo hata huruma ikanishika. Nikamnyang'anya sindano kabla sijamweleza shida yangu. Nilipomweleza, nilimtaka amrudishe mke mwenzangu alikomtoa.

Hakucheka, ila nilimwona anajizuia. Alisema hakumtuma mtu kumtafuta mtu. Anayezaliwa si yule aliyekufa, wala si mwingine kabisa. Hakuna roho isiyobadilika inayohama kama mpangaji na godoro lake. Kinachoendelea ni matendo na yale mtu aliyoyatamani. Hata yeye hawezi kunyoosha kidole aseme huyu ndiye. Alisema shemeji yako amekwisha kuambiwa hayo, lakini mwenye huzuni husikia anachokitaka. Nikamwuliza kama Marehemu anaweza kuwa amezaliwa mungu. Akasema inawezekana. Dada, nikaomba iwe hivyo. Awe mbali huko, ana starehe zake na maelfu ya miaka ya kuishi, asitukumbuke.

Nikamwuliza pia wenye wivu huenda wapi. Akasema wivu na uchoyo humpeleka mtu kwa ile mizimu yenye njaa, tumbo kama pipa na koo jembamba kama tundu la sindano. Nikaitazama sindano niliyoishika, nikaendelea kushona.

Nadhani alinihurumia, maana alitafuta la kunifariji. Akasema kuzaliwa mtu ni bahati adimu. Mimba haishiki kwa mama na baba peke yao. Ni mpaka wakutane watatu, mama, baba, na yule anayengoja kuzaliwa. Nikakata uzi, nikamkabidhi joho lake, nikaaga.

Dada, nina mimba. Ni mwezi wa tatu sasa. Wewe unajua nimeililia miaka mingapi, na nyingine umelia nami kwenye simu. Anayejua ni nesi aliyenipima, na sasa wewe. Shemeji yako sijamwambia. Naogopa nitamwambia, naye atatazama juu ya redio. Nitabeba mimi, nitaumwa mimi, na mtoto atapokelewa kama mgeni wa mtu mwingine. Hata tumboni mwangu mwenyewe niwe mke wa pili.

Nimelia siku kadhaa. Kisha leo asubuhi, nikijipima kiuno kwa futi yangu ya kazi, likanijia wazo ambalo mtawa asingelipenda. Kama aliye tumboni si Marehemu, ni mwanangu, na shukrani. Na kama ni yeye, basi na aje. Ataniita mama. Akishikwa na homa atanililia mimi. Ataning'ang'ania sketi mbele ya wageni, na shemeji yako akinyoosha mikono amchukue, atageuza uso aufiche shingoni kwangu. Mwanamume amemngoja miaka yote hii, na akirudishiwa atamwona ananipenda mimi kuliko yeye. Usiniandikie kwamba ni roho mbaya, hilo nalijua. Lakini nimecheka peke yangu pale kwenye kioo, na jioni hii akirudi kazini namwambia.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo, na huyo mumeo mwambie nimeuliza hali yake. Habari hii ibaki kwako kwanza, maana ulimi wako naujua tangu utoto. Niombee dua, dada, na ukipata nafasi uje, nitakuhitaji.

Ni mimi mdogo wako,
mama wa yeyote atakayekuja.