Alichojifunza Mheshimiwa Mkoani

Kimara, Jumanne

Hata chai haishuki kwa hasira.

Mheshimiwa anataka urais. Leo kaniita ofisini kwake Sinza nimwandikie hotuba ya jinsi ukuu wa mkoa ulivyomwandaa kuongoza nchi. Mie ndiye niliyekuwa katibu muhtasi wake huko mkoani, kwa hiyo anaona najua yote.

Najua, ndiyo. Najua siku alipoamuru muuguzi Rehema awekwe ndani saa arobaini na nane, mbele ya mkutano wa hadhara, eti zahanati yake haina dawa. Watu wakapiga makofi. Barua ya Rehema ya kuomba dawa ilikuwa na wiki tatu mezani kwa Mheshimiwa, hajaisaini.

Nikamuuliza, "Mheshimiwa, na lile la muuguzi tuliweke?"

Akacheka. "Lile ndilo lililonifunza kazi, dada. Wananchi wanapenda mtu mkali."

Hana hata chembe ya aibu. Nikafunga daftari, nikamwambia atafute mwandishi mwingine. Sijui kesho nitamwambia nini mume wangu, maana pesa ya hotuba hiyo tulikuwa tunaihitaji.

Lakini mie nami... Barua niliiona, na mkutanoni nilikaa kimya.

Jioni nikampigia Rehema, nikamweleza yote, nikidhani atafurahi. Akauliza, "Kwa hiyo siku ile ulijua kwamba niliandika?"

Nikasema ndiyo.

"Nililala mahabusu na mtoto wa miezi minne, na wewe ulijua," akasema, akakata simu.