Skonzi Ziko Chini ya Kitambaa

Baba watoto,

Skonzi ziko chini ya kitambaa, chai iko kwenye chupa. Usizifagie zote kama kawaida yako, wabakishie watoto wakitoka shule.

Asubuhi nikiwa nakanda unga, shemeji alipiga simu. Dada yangu amefariki. Nikamwambia, "Haya, nimesikia," nikaendelea kukanda. Nikazikata skonzi, nikazioka, hata bakuli nikaliosha. Machozi hayajaja. Sijui yako wapi.

Sikukuamsha kwa sababu ulirudi kutoka zamu ukiwa hoi. Nimetangulia msibani.

Watoto usiwaambie, nitawaambia mwenyewe. Chumvi imeisha.

~~Wewe lala tu, usihangaike kuja. Mimi sijambo.~~

Ukiamka, njoo. Usisubiri nikupigie.

Mama watoto