Nahodha Aliyepita Kikomo

Jumatatu, 6 Oktoba

Mazoezi asubuhi. Goti la kushoto limeuma, nimelifunga, limenyamaza. Vumbi mpaka kwenye meno. Mvua inatishia tu. Malori ya shaba yamefunga barabara tena, nimerudi kwa miguu huku nikimtukana kila dereva kimoyomoyo.

Jana tulishinda. Prezida wa klabu, mnunuzi wa madini, mtu wa kelele na moyo mkubwa, aliingia chumba cha kuvalia na primu, bonasi ya ushindi. Bahasha moja ya timu nzima. Mimi nahodha nikatia sahihi, mimi nikagawa. Kolwezi ndivyo tulivyo, tangu mababu zetu walipoletwa kutoka Kasai kuchimba na kucheza peku kwenye viwanja vya kambi. Aliyecheza anapata, wa benchi anapata, aliyevunjika anapata, na mzee wa kufua jezi, na mama wa jikoni. Huwa nagawa vizuri. Najisifu hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Miaka thelathini na mitano. Huu ni msimu wangu wa mwisho. Sitaki sherehe wala hotuba. Nataka kuumaliza nikiwa uwanjani, basi.

Jumatano, 8 Oktoba

Tata Ilunga, katibu wa klabu, ametusomea sheria za ligi kwa mara nyingine. Ni za msimu huu. Kila mchezaji ana kikomo cha mapato, mshahara na primu pamoja. Akikipita, anakaa nje mpaka msimu uishe. Fedha za televisheni na za milangoni zinaingia kwenye kapu moja, halafu kila klabu inapata fungu sawa, kubwa kwa ndogo. Ila klabu ikiwa na wachezaji zaidi ya wawili waliopita kikomo, haipati fungu.

Vijana walisinzia. Mimi nilisikiliza, maana sheria hizi nazipenda. Kila mwaka matajiri wa Lubumbashi walikuwa wanatuchumia vijana wetu kama maembe. Sasa wametulia. Na biashara ya Prezida imelala, kwa hiyo mshahara wetu wote unatoka kwenye lile fungu. Siku sheria zilipotangazwa nilipiga makofi.

Jumapili, 12 Oktoba

Likasi. Tumeshinda moja bila. Kipa wetu amepata mtoto, nikamwongezea kidogo kwenye primu. Wawili wakanuna. Wanune.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mkaguzi wa ligi alikuja jana. Leo nimeitwa ofisini.

Ameona primu zote za msimu zimepokelewa na mtu mmoja. Mimi. Sahihi yangu kila mahali. Kwa hesabu yake hakuna mchezaji nchini anayelipwa kama mimi, beki mzee mwenye goti bovu na paa linalovuja. Nimepita kikomo mara nyingi.

Nilicheka. Kwa kweli nilicheka, nikadhani wote tutacheka. Mkaguzi hakucheka. Nikamweleza jinsi tunavyogawana. Akaniuliza kwa upole kama wenzangu nao walitia sahihi. Nani anatia sahihi akipokea kitu kwa ndugu yake?

Nina hasira. Ilunga ndiye aliyekuwa akiniambia kila mara, "Weka sinyatire, Kapitene, ni formalité tu, kazi ya karatasi." Leo alikuwa anatazama viatu vyake.

Ijumaa, 17 Oktoba

Asubuhi nilipata dawa. Kila mchezaji aandike kwamba alipokea sehemu yake, yaishe. Nilikwenda kwa Ilunga karibu nikikimbia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini. Kisha akanionyesha daftari la mishahara. Prezida, ili vijana wasishawishiwe na wengine, aliwapandisha mishahara karibu wote mpaka chini tu ya kikomo. Ukiwaongezea primu zao, nusu ya timu imepita. Fungu limekwenda. Mishahara imekwenda. Wakinyamaza, aliyepita ni mmoja tu.

Hakulitaja jina. Hakukuwa na haja.

Nimetafuta mtu wa kumchukia nimekosa. Mkaguzi anafuata sheria. Sheria ni nzuri. Prezida alitaka kutulinda. Mimi niligawa kwa haki. Kila mmoja alifanya vizuri, na mimi nazama.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimemwambia mke wangu. Akaacha mboga zake, akafunga kitenge upya.

"Baseme ukweli," amesema. "Njo ile tu. Ukweli haikataziwe."

Nikamweleza habari ya fungu. Mke wa kipa ni rafiki yake, na mke wangu ndiye aliyempelekea uji wa uzazi wiki nzima. Mwishoni akarudi kwenye mboga zake. Nilitamani abishe zaidi. Nilitamani apige kelele majirani wasikie.

Jumapili, 19 Oktoba

Hatuna mechi. Misa. Padri alihubiri sijui nini.

Jumanne, 21 Oktoba

Leo nataka kuandika kama ilivyokuwa.

Mkutano wa wachezaji, chumba cha kuvalia. Ajenda: waandike au wasiandike. Mwenye kuongoza mkutano ni nahodha. Kwa hiyo nimeongoza mimi kikao cha kunihukumu mimi. Ingekuwa ya mtu mwingine ningecheka mpaka machozi.

Nimewaeleza yote. Kisha nikawaambia wasiandike. Nimesema mimi nimeshacheza vya kutosha, wao wana watoto. Nimesema vizuri.

Nilikuwa nadanganya. Niliwaambia wasiandike ili mmoja wao asimame aseme hapana, hatukubali. Mmoja tu. Nisingemkubalia, naapa, ningemkalisha chini. Lakini nilitaka kumsikia. Nilimwangalia kipa. Nilimwangalia kila mmoja, hawa niliowagawia hata walipokuwa na magongo.

Kipa akasimama, akaja kunikumbatia. "Aksanti, Kapitene. Mungu atakulipa." Wote wakapanga mstari kunipa mkono, kama wanavyofanya kwenye kilio.

Wamefanya sawa. Ningekuwa wao ningenyamaza. Nawachukia leo, kesho sitawachukia.

Ijumaa, 24 Oktoba

Barua ya ligi imefika. Nje mpaka mwisho wa msimu. Prezida alilia, kwa kelele, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Nimerudisha jezi. Mzee wa kufua hakutaka kuipokea. Nikaiweka juu ya meza.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua imenyesha asubuhi, ya kwanza ya kweli. Uwanja umelowa, vumbi limelala.

Tulicheza na timu ya Tenke. Wao walicheza, nataka kusema. Nilimwambia mke wangu siendi, nikaenda. Nikanunua tiketi, nikapanda upande wa jua, katikati ya watu nisiowajua. Nilivaa kofia. Sikuihitaji, hakuna aliyeniangalia.

Mahali pangu walimweka kijana wa miaka ishirini. Ana miguu. Macho bado. Dakika za mwisho, mstari wa nyuma ulichelewa kupanda, nikamwona mshambuliaji wa Tenke akijitenga polepole kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka. Nilisimama. Mkono ukanyanyuka wenyewe, mdomo ukafunguka kuwaita wapande, wamwache kwenye ofsaidi.

"Tata, ikala," mtu wa nyuma yangu alisema, bila ubaya. "Beko banacheza, na siye tunataka kuona."

Nikakaa.